Muulize Shangazi: Uji mzito, sukari kidogo, na maneno ya majirani

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu hapa: kwamba anayelalamikia bei ya kifungua kinywa arudi kwenye uji wa nafaka isiyokobolewa, uwe wa dona, ulezi, mtama au uwele, na maandazi ayaachie siku za wageni. Barua zimemiminika. Wengine wamenishukuru, wengine wameniuliza kama nimewahi kuendesha bodaboda kwa kikombe cha uji. Nimechagua nane.

Kwa wasionijua: nilikuwa afisa lishe wa wilaya mpaka nilipostaafu, na sasa nina mashine ndogo ya kusaga hapa Morogoro. Kwa hiyo uji naunywa, naufundisha, na unga wake nauuza. Mkiniona nausifia kupita kiasi, jueni nina maslahi.

*

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni bodaboda, kijiwe chetu kipo Mbagala. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Nikinywa chai na chapati mbili hela inakwenda. Nikinywa uji wa mama mmoja pale kituoni ni rahisi, lakini saa tatu tumbo linanguruma. Wewe unasema uji unashibisha. Uji gani huo?*
*Dereva, Mbagala, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Uji huo naujua bila kuuona. Ni wa sembe, mwepesi, na ladha yake yote ni sukari. Simlaumu huyo mama. Kikombe anakiuza kwa bei ndogo na faida lazima aipate, kwa hiyo unga anaupunja na maji anayaongeza. Unachokunywa ni maji ya moto yenye sukari na wanga kidogo. Vinapita haraka, njaa inarudi na hasira.

Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini vinabaki mashineni. Ganda ndilo lenye nyuzinyuzi zinazokifanya chakula kikae tumboni. Kiini ndicho chenye mafuta na sehemu kubwa ya vitamini. Watu wanalipia kukoboa, pumba wanawaachia kuku wa mwenye mashine, halafu wanakwenda duka la dawa kununua vidonge vya vitamini. Mimi nina kuku, siwezi kulalamika.

Sasa fanya hivi. Usiku kabla hujalala chukua unga wa dona au ulezi, vijiko 6 vya kulia wali vilivyojaa kiasi, kama gramu 60. Ukoroge na nusu kikombe cha maji baridi, funika. Alfajiri chemsha vikombe viwili vya maji, mimina ule unga uliolowa huku unakoroga, na mwiko usiuache mpaka uanze kutokota. Hapo punguza moto, funika nusu, uende kuoga na kuvaa. Kila ukipita koroga. Upe dakika 15 hadi 20. Wengi wanauipua dakika ya tano kwa sababu umeshakuwa mzito. Kuwa mzito si kuiva. Dona mbichi inakwaruza koo na inajaza gesi, halafu lawama zinaiendea dona badala ya mpishi.

Mwishoni tia chumvi kidogo na kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa. Hizo karanga usizidharau, ndizo zitakufikisha saa sita. Sukari kijiko kimoja cha chai kinatosha. Mimina kwenye chupa ya chai, nenda nayo kijiweni, kunywa nusu yake saa kumi na mbili, iliyobaki saa tatu, wakati wenzako wanatafuta sambusa.

Kuhusu hela: kilo moja ya unga inatoa bakuli 16 za kipimo hicho. Chukua bei ya kilo ya dona hapo kwenu, gawanya kwa 16, ongeza karanga, mkaa au gesi, kisha linganisha na chapati mbili. Wewe unakokotoa chenji za abiria kutwa nzima, hii haikushindi.

*

*Shangazi, nimefuata ushauri wako nikanunua ulezi sokoni, nikausaga. Uji una mchanga! Watoto wamegoma na baba yao amesema nimewapikia kokoto.*
*Mama watatu, Mwanza*

Pole mama. Mwambie baba watoto kokoto ni kubwa zaidi.

Ulezi mwingi hupurwa chini, juu ya udongo, na punje zake ni ndogo mno hata chembe ya mchanga inapita nayo kwenye chekeche. Ungo peke yake hautoshi. Ukipepeta unaondoa makapi na vumbi, mchanga unakaa pale pale na ulezi wako. Dawa yake ni maji na mabeseni mawili.

Tia kilo moja tu kwenye beseni, usiwe na pupa. Jaza maji mpaka yauzidi ulezi kwa upana wa kiganja. Vuruga kwa mkono. Makapi yataelea, yamwage. Jaza tena, vuruga tena, na maji yakiwa bado yanazunguka inamisha beseni ili maji yamwagikie kwenye beseni la pili yakiwa yamebeba ulezi. Usimimine mpaka mwisho. Bakiza konzi moja chini. Sasa inamisha beseni lile upande wa mwanga: utaona mchanga umejipanga mstari ukingoni mwa ulezi, mweusi mweusi, na ukipitisha kidole utausikia. Umwage, suuza beseni, kisha rudisha kutoka beseni la pili kuja la kwanza kwa namna ile ile. Endelea hivyo mpaka kidole kisikwaruze kitu. Maji ya mwanzo hutoka rangi ya matofali, usishtuke, huo ni udongo na vumbi la maganda.

Baada ya hapo anika juu ya turubai au mkeka safi, utandaze uwe mwembamba, uugeuze geuze. Ukiutia punje chache mdomoni zikalia meno yanapozipasua, peleka mashineni. Ukiupeleka na unyevu utaganda kwenye mashine na mwenye mashine atakununia. Nasema kwa niaba ya wenye mashine wote.

*

*Shangazi shikamoo. Nina mtoto wa kwanza, ana miezi 8. Jirani amenipa orodha ya unga wa lishe: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, soya, karanga, korosho, mbegu za maboga, dagaa na maharage. Anasema vyote visagwe pamoja. Mtoto anakunywa kikombe kizima lakini uzito hauongezeki. Nimeongeza mchele, bado.*
*Mama Mdogo, Tanga*

Marahaba mwanangu. Vitu 12! Orodha hiyo naifahamu, inazunguka kwenye simu za akina mama, na kila inapopita mtu anaongeza kimoja.

Nikwambie ubaya wake. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama na uwele kazi yao kubwa ni moja, kumpa mtoto nguvu. Kuvichanganya vyote hakumpi mara sita. Karanga na korosho zina mafuta, na mafuta yakishasagwa na kuwekwa kwenye kopo wiki tatu kwenye joto la Tanga yanaharibika. Utasikia harufu ya mafuta ya zamani na mtoto atageuza uso. Msikilize, yeye ndiye mwenye akili hapo. Soya na maharage mabichi yana vitu vinavyozuia usagaji wa protini tumboni, yanahitaji kupikwa vizuri, na uji wa dakika kumi hauyatoshi. Na ikitokea mtoto ametoka vipele au ameharisha, utajuaje ni kipi kati ya 12? Lililo kubwa zaidi, mahindi na karanga ndivyo vinavyoshambuliwa sana na sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na ukungu. Punje chache mbovu zikishaingia kwenye mchanganyiko zimesambaa kopo zima. Hilo nitalirudia kwa msomaji wa Dodoma.

Tumia nafaka moja, au mbili zikizidi. Ulezi peke yake, au dona nzuri. Vingine vitie kwenye sufuria siku ile ile unayopika: leo kijiko cha karanga ulizochagua na kuzisaga mwenyewe, kesho maziwa, keshokutwa yai lililopigwa au dagaa waliotwangwa laini. Nazi hapo Tanga hamkosi, tui zito kijiko kimoja au viwili ni nguvu nyingi mahali padogo. Sukari hahitaji. Asali asionje mpaka atimize mwaka, hata kidogo, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauviwezi.

Lakini nadhani shida yako haiko hata kwenye orodha. Iko kwenye neno "anakunywa". Tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo. Ukimjaza kikombe cha uji mwepesi umemjaza maji. Uji wake uwe wa kulishwa kwa kijiko, na ukikiinamisha kijiko uji ukawie kuanguka. Mara 2 hadi 3 kwa siku kwa umri huo, na akifika miezi 9 mara 3 hadi 4, na ziwa linaendelea.

Utaniambia uji mzito unamkwama. Hapo ndipo penye kimea, yaani nafaka iliyooteshwa. Taasisi ya Chakula na Lishe yetu iliufanyia utafiti unga wa kimea miaka ya 1980, na sisi tulioingia kazini baadaye tuliufundisha kliniki kwa kliniki, nashangaa umesahaulika. Osha ulezi, uloweke usiku mmoja, uchuje, uutandaze kwenye kitambaa chenye unyevu na uufunike. Siku ya pili au ya tatu utachomoza vijimizizi vyeupe. Anika mpaka ukauke kabisa, sugua vijimizizi vidondoke, pepeta, saga. Kisha pika uji mzito kweli kweli, uipue, uuache upoe mpaka kidole kivumilie, tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea, koroga. Ndani ya dakika 10 utauona unalegea machoni pako bila kuongeza tone la maji: unga ni ule ule, ila sasa unamezeka. Urudishe motoni uchemke tena, ndipo umlishe. Kimea kifanye kwa ulezi, si kwa mtama. Machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi.

Na mpeleke kliniki akapimwe. Mtoto asiyeongezeka uzito anaweza kuwa na ugonjwa, na hapo uji wangu hautibu kitu.

*

*Salamu kutoka Kakamega, Shangazi. Mama mkwe hupika uji wa wimbi, ninyi mnauita ulezi, uliochachishwa siku mbili kwenye chungu. Mimi nimelelewa Nairobi, uji wa kuchacha kwetu ulikuwa unamwagwa. Naogopa kukataa na naogopa kunywa. Nifanyeje?*
*Mke mgeni, Kakamega*

Kunywa, binti. Na umwombe akufundishe kabla hajakuona hufai.

Kinachouchachua uji huo ni bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa lala unayoyapenda. Asidi yao inazuia vijidudu vingi vibaya visiote. Pia ganda la nafaka nzima lina kitu kiitwacho fitati, ambacho hushika madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini, kuchachusha kunaipunguza. Kwa hiyo wimbi wa mama mkwe, kijiko kwa kijiko, unakufaa kuliko wako wa haraka haraka. Kwetu Mbinga tuna togwa, inayokwenda njia hiyo hiyo kwa kimea cha ulezi, na hakuna msiba wala arusi inayopita bila hiyo.

Ukitaka kuanza mwenyewe: unga na maji ya uvuguvugu, mzito kama wa kukorogea chapati za maji, ongeza vijiko viwili vya mchanganyiko wa mama kama kianzio, funika kwa kitambaa. Huko kwenu kuna ubaridi, siku moja hadi mbili. Aliyeko Lindi akilaza usiku mmoja inatosha. Ukiwa tayari utanukia ukali safi na utaona vipovu. Uchemshe mpaka uive kama uji mwingine. Ukiona ukungu wa kijani, mweusi au wa waridi, au harufu ya uozo, mwaga wote na chungu ukichemshe kwa maji. Kuutoa ukungu kwa kijiko na kupika wa chini hakuruhusiwi, hata mama mkwe akisema.

*

*Shangazi, mahindi yetu ya msimu yaliloa kidogo ghalani. Mengine yana ukungu na yamegeuka rangi. Nikichagua mazuri ya ugali, haya mabaya naweza kusaga dona ya uji? Yatachemka muda mrefu. Halafu, kwa nini dona yangu ikikaa inakuwa chungu?*
*Mkulima, Dodoma*

Hapana. Hapana tena. Wala usiyapikie pombe, wala usiwape kuku.

Wewe uko Dodoma, mwaka 2016 unaukumbuka. Watu waliugua manjano, matumbo yakajaa maji, wakafa, Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi waliyoyalima wenyewe. Wakenya walikuwa wameshapigwa mwaka 2004, Makueni na Kitui, wakazikwa watu 125. Sumu hiyo inatengenezwa na kuvu, lakini kuvu akifa kwa moto sumu inabaki. Haichemki ikaisha, haikaangiki ikaisha. Ini ndilo linalolipa, wakati mwingine papo hapo, wakati mwingine baada ya miaka kwa saratani.

Na nitasema jambo ambalo sisi wapenda dona hatulisemi kwa sauti: sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye ganda na kiini, pale pale penye vitamini. Kwa mahindi mabovu, dona ni mbaya kuliko sembe. Nafaka nzima ni nzuri ikiwa nafaka yenyewe ni nzima. Kama mahindi ya mwaka huu huna imani nayo, uji pika wa ulezi au uwele, ambazo hupatwa kidogo kuliko mahindi. Huko Dodoma uwele na mtama ndivyo vilivyokuwa chakula cha babu zako hata hivyo.

Msimu ujao usiyaanike mahindi juu ya udongo, nunua turubai. Kabla ya kuyaweka ghalani chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi robo yake na kijiko cha chumvi kavu, tikisa, iache dakika 10 au 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani.

Uchungu wa dona ni mafuta ya kiini yakiharibika. Sembe inakaa miezi kwa sababu kiini hakimo. Saga kidogo kidogo, ya wiki mbili au tatu, na kopo liwe kavu lenye mfuniko.

*

*Assalam alaykum Bi Shangazi. Niko Muscat, baba yangu yupo Unguja, ana sukari. Kuna mtu kamwambia uji wa ulezi unaitibu sukari, na sasa anataka kuacha vidonge. Mimi nilitaka nimpelekee oti za huku. Kipi bora?*
*Binti wa Unguja, Muscat*

Waalaykum salaam mwanangu. La kwanza mpigie simu leo, kabla hujamaliza kusoma: vidonge asiache. Hakuna uji unaotibu kisukari. Na anayekwambia hivyo ni mimi, muuza unga wa uji.

Oti ni nzuri, kweli. Zina nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani, zinazoteleza na kuufanya uji uwe na ule utelezi; gramu 3 zake kwa siku husaidia kushusha kolesteroli, na kwenye uji hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Shayiri nayo inazo, ila ile nyeupe iliyosuguliwa imeshapoteza ganda. Ukinunua oti chagua zile nene, zinazochukua muda kuiva. Zile za pakiti ndogo za kumwagia maji ya moto, zenye ladha ya matunda, zisome nyuma: mara nyingi sukari imetangulia mbele ya kila kitu.

Lakini gharama ya kumsafirishia baba oti kila mwezi siioni maana yake. Ulezi, uwele na mtama anavipata hapo hapo. Anachotakiwa kuangalia ni vitu viwili. Cha kwanza ni usagaji: nafaka nzima ikisagwa ikawa vumbi na ikapikwa ikawa maji, inapanda kwenye damu haraka karibu sawa na iliyokobolewa. Usagaji uwe wa chengachenga, uji uwe mzito. Bora zaidi asisage kabisa: mtama au ngano nzima ilowekwe usiku, ichemshwe mpaka ipasuke, ailie kijiko kwa mtindi usio na sukari. Watu wanaopika bokoboko hawahitaji kufundishwa kuchemsha ngano. Cha pili ni kiasi: bakuli moja dogo, bila sukari, bila tende zilizosagwa ndani, na kando yake yai au konzi ya karanga. Kama ana kipimo nyumbani, apime kabla ya kula na saa mbili baadaye, kwa siku chache, aandike. Namba zake zitamwambia yeye na daktari wake mengi kuliko mimi na huyo mtu.

*

*Shangazi, nina ujauzito wa miezi mitano na damu yangu ni ndogo. Nakunywa uji wa ulezi kila asubuhi na chai ya rangi juu yake. Damu haipandi.*
*Arusha*

Chai iondoe hapo. Ihamishie saa nne au alasiri. Ulezi una madini ya chuma, ila una pia fitati na tanini zinazoyashikilia, na chai inaongeza tanini nyingine juu. Uji wako uwe wa kuchacha, ukamulie ndimu au ukoroge unga wa ubuyu, au kula chungwa au embe papo hapo. Vitamini C inayafungua madini hayo. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki vimeze kila siku, na usivimeze kwa chai wala maziwa. Ulezi una kalisi nyingi, zaidi ya miligramu 300 kwa kila gramu 100, na hiyo wewe na mtoto mnaihitaji. Lakini damu usiutegemee uji peke yake. Mboga za majani, maharage, maini mara moja moja, na urudi kupimwa.

*

*Shangazi, mume wangu anasema uji ni wa wagonjwa na watoto. Nikimwekea anauacha mezani unapoa, anakwenda kula supu na chapati hotelini. Nimsaidieje?*
*Mama Nyumbani, Moshi*

Mume wa Moshi! Muulize jioni, taratibu, akishakaa na wenzake, mbege inatengenezwa kwa nini. Ndizi na kimea cha ulezi. Ulezi anaunywa kwa furaha kila wikiendi, anakataa tu ukiwa wa moto na hauna ulevi.

Nafaka hiyo ni ya kwetu, ililimwa kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia maelfu ya miaka kabla mahindi hayajavuka bahari kutoka Amerika. Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka mzima wa 2023 kwa ajili ya ulezi, uwele, mtama na jamaa zao. Ila usimsomee hayo, wanaume wa aina hiyo hawashindwi kwa hotuba.

Acha kumtilia kwenye kikombe cha plastiki cha watoto. Mtilie kwenye bakuli la udongo au la bati, na kijiko kikubwa. Upike mzito, tia chumvi badala ya sukari, pilipili manga kidogo, na ukishaiva uchanganye na maziwa ya mgando mpaka uwe mkali. Pembeni mwekee yai la kuchemsha, au kipande cha nyama kilichobaki jana, akione kabla ya uji. Mwekee ukiwa unatoa moshi, wala usimwite mara mbili. Akiuacha, unywe wewe mbele yake, wote, na hela ya supu siku hiyo iombe wewe.